Meza ya Mlangoni: Majina na Ridhaa Katika Igizo la Mateso



Kwaresima inapokaribia kwisha, vijana wa parokia zetu za Karagwe na Kyerwa hujitayarisha kuigiza Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Wengine hushona kanzu na majoho, wengine huchonga mikuki ya miti, wengine hukariri maneno ya Pilato na ya Petro. Siku yenyewe ikifika, macho ya watu wote humfuata yule aliyebebeshwa msalaba. Hakuna amtazamaye mtu aliyeketi kwenye meza ndogo karibu na mlango wa kanisa, daftari mbele yake na kalamu mkononi.

Leo napenda tumtazame huyo. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kuandika majina ya wote watakaoshiriki. Ya pili ni kupokea karatasi za ridhaa, yaani maandishi ambayo mtu mzima, au mzazi wa mtoto, anakiri kwamba ameelezwa hatari zilizopo, naye amekubali. Wako wanaosema: “Ya nini haya yote? Tumeigiza miaka mingi bila daftari, wala hakuna aliyekufa.” Karani yeyote wa parokia amelisikia neno hilo. Si neno la ubaya, lakini yafaa lijibiwe polepole, kwa mifano.

YALIYOTOKEA METZ

Kuigiza Mateso ya Bwana si jambo la jana. Katika Ulaya ya Karne za Kati miji mizima ilifanya hivyo. Huko York, Uingereza, ambako habari za maigizo ya namna hiyo zimeandikwa tangu mwaka 1376, kila chama cha mafundi kilikuwa na sehemu yake. Waunda meli waliigiza kujengwa kwa Safina ya Nuhu, waoka mikate waliigiza Karamu ya Mwisho, na mafundi wa pini na misumari waliigiza kusulubiwa kwa Bwana.

Mwaka 1437 mji wa Metz, ulio sasa mashariki mwa Ufaransa, uliigiza Mateso kwa fahari kubwa. Padre mmoja, paroko wa mjini humo, aliigiza Bwana Yesu. Alipokuwa ametundikwa msalabani nguvu zilimwishia, akawa karibu kufa kweli mbele ya watu. Ikabidi ashushwe, na padre mwingine awekwe mahali pake ili kumaliza igizo la siku ile. Katika igizo lilo hilo, padre aliyeigiza Yuda alining’inizwa muda mrefu kupita kiasi, akazimia. Wakamshusha mbio, wakamsugua kwa siki. Kwa neema ya Mungu wote wawili walipona, na yule wa kwanza aliweza kuigiza Ufufuko kesho yake.

Litafakarini jambo hilo. Hakuna aliyewatakia mabaya mapadre wale. Waliowafunga kamba walikuwa wenzao. Lakini mapenzi mema hayashiki saa, wala hayahesabu pumzi za mtu. Lazima awepo aliyepewa kazi hiyo kwa jina.

Mfano wa pili watoka Valenciennes, mji ulio sasa kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1547 waliigiza Mateso kwa muda wa siku 25. Kabla ya kuanza, waigizaji walikwenda mbele ya mwandishi wa hati, wakaapa na kujifunga kwamba watafika siku zote walizopangiwa, isipokuwa wakiugua. Aliyekosa alitozwa faini. Angalieni: watu wale waliandikiana ili wafungane wao kwa wao. Kila mmoja alijua kwamba wenzake wanamtegemea, naye anawategemea.

WACHEZAO VITA VYA KALE

Siku hizi wako watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaoyarudisha maisha ya Karne za Kati kwa mchezo. Huvaa deraya na kofia za chuma, hushika ngao, hupigana uwanjani kama mashujaa wa zamani. Chama chao kimoja mashuhuri, Society for Creative Anachronism, kilianza mwaka 1966 huko Berkeley, California. Panga zao katika vita hivyo ni fimbo za henzerani, si chuma. Hata hivyo fimbo ya henzerani ikimpata mtu kwa nguvu, humpata kweli.

Afikaye kwenye mikutano yao hukutana kwanza na meza. Pale hutaja jina lake na kuonyesha kadi ya uanachama. Asiye mwanachama hutia sahihi karatasi ambayo kwa ufupi husema hivi: najua mchezo huu una hatari, naingia kwa hiari yangu, nikiumia sitakishtaki chama. Mtoto hajitilii sahihi. Mzazi au mlezi wake ndiye atiaye. Lakini hawaishii hapo. Kabla ya mapigano, wasimamizi huikagua deraya ya kila mpiganaji, kofia yake na silaha yake. Iliyo na kasoro haiingii uwanjani.

Hapo pana fundisho kwetu. Watu wale wana karatasi nyingi kuliko sisi, na bado hukagua kofia. Maana karatasi haizuii fimbo. Tena huko Uingereza sheria ya mwaka 1977 ilikwisha kusema kwamba mwenye biashara hawezi kujivua kwa karatasi wala kwa tangazo dhamana ya kifo au jeraha lililoletwa na uzembe wake mwenyewe.

SAHIHI INAFUNGA NANI?

Hili ndilo neno ninalotaka mlikumbuke. Mzazi anapotia sahihi mezani, asidhani amewaachilia waandaaji. Nao waandaaji wasidhani wamefunguliwa. Sahihi ile ni makabidhiano. Mzazi anasema: “Huyu hapa mwanangu, nimewaambia habari zake, nawakabidhi.” Parokia inasema: “Tumempokea, tumekueleza yote, tutamrudisha kama alivyokuja.” Karatasi inayofunga upande mmoja tu ni karatasi mbaya.

Kwa sababu hiyo maneno yake yawe machache na wazi. Yanaweza kuandikwa hivi:

“Mimi ……, mzazi au mlezi wa ……, wa jumuiya ya ……, nimeelezwa kwamba mwanangu ataigiza sehemu ya …… siku ya Ijumaa Kuu. Nimeelezwa njia watakayopita, saa ya kuanza na saa ya kurudi, na hatari zilizopo: kuanguka, jua, mvua, uchovu na kuumia. Afya yake ni hivi: ……. Nimekubali ashiriki. Naweza kumwondoa wakati wowote. Kwa niaba ya parokia, anayempokea ni …….”

Chini ziwe sahihi mbili, ya mzazi na ya mpokeaji. Ile ya pili ndiyo watu wengi huisahau.

Kwa nini mzazi, wala si kijana mwenyewe? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa mrefu kuliko baba yake na kubeba mkungu wa ndizi bila kutua, lakini bado ni mtoto mbele ya sheria. Hata hivyo naye aulizwe. Mtoto asiyetaka kuigiza asilazimishwe kwa sababu tu baba yake ametia sahihi.

Je, kwa wale wasiojua kusoma? Karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na tena kwa Kinyambo au Kihaya ikiwa ndiyo lugha wanayoielewa vizuri zaidi. Kisha waulizwe: “Umeelewa nini?” Wakieleza kwa maneno yao, ndipo watie dole gumba. Dole gumba kwenye karatasi isiyosomwa ni wino tu.

JINSI YA KUIPANGA MEZA

Kwanza, karatasi zigawiwe mapema, tuseme majuma mawili kabla, kupitia viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wa VIWAWA na wa Utoto Mtakatifu. Karatasi inayotolewa asubuhi ya siku yenyewe hutiwa sahihi kwa haraka na bila kusomwa, au hutiwa sahihi na kaka mkubwa njiani.

Pili, mezani wakae watu wawili, na ingefaa awe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mmoja anaandika, mwingine anapokea na kuuliza. Wachaguliwe wenye mwandiko unaosomeka, wasio na hasira, wanaozijua familia. Kuna mambo msichana atamwambia mama wa WAWATA ambayo hatamwambia karani.

Tatu, daftari liwe na mistari ya kutenga nafasi hizi: namba, jina kamili, umri, kigango na jumuiya, sehemu anayoigiza, jina na simu ya mzazi, atakavyorudi nyumbani, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Andikeni majina yote ya mtu. Parokia moja yaweza kuwa na akina Deogratias kumi. Upande wa Murongo, ambako ng’ambo ya mto Kagera ni Uganda, ikiwa mzazi anatumia simu ya huko, andikeni namba nzima pamoja na 256 ya mwanzo. Namba pungufu haiiti, na mtaligundua hilo saa mbaya.

Nne, meza iwe chini ya paa. Ijumaa Kuu huangukia Machi au Aprili, wakati wa masika kwetu. Daftari lililolowa halisomeki. Tena mvua hiyo inaifanya njia ya mlimani iteleze, na mwenye msalaba begani haoni anapokanyaga. Karani aandike pia hali ya njia, na mwenye igizo awe tayari kuipunguza au kuihamishia uwanjani.

Tano, vifaa vikaguliwe kando ya meza, kama wale wa deraya wanavyofanya. Msalaba uwe wa mbao nyepesi zilizokauka. Mti mbichi wa mkaratusi ni mzito mno. Mijeledi isukwe kwa nyuzi za mgomba. Mikuki iwe butu. Taji lisiwe la miiba ya kweli. Anayetundikwa awe na mahali imara pa kukanyaga, afungwe kwa vitambaa vipana vinavyofunguka kwa mkono mmoja, wala asifungwe kamba shingoni hata kidogo. Awepo aliyeshika saa, na dakika zikifika amshushe, hata kama msomaji hajamaliza. Mtu aliyening’inia bila kusogeza miguu, damu hutuama chini, kichwa hukosa damu, naye huzimia. Ndiyo maana wale wa Metz nusura wafe. Anayezimia alazwe chini chali, miguu iinuliwe kidogo, watu wasimzonge.

Neno moja kuhusu mfungo. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwabana waumini kuanzia miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, nayo haiwalazimishi wagonjwa. Kunywa maji hakuvunji mfungo. Kijana atakayepanda mlima na msalaba anywe maji, na karani amuulize kabla hajaondoka: “Umekunywa?”

MAMA NA KARANI

Tuchukue mfano. Mama amekuja na mwanawe wa miaka 15, aliyepangwa kuwa askari.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Karibu mama, karibu uketi.”

“Mwanangu karani, karatasi hii hapa. Nimeitia sahihi.”

“Asante mama. Naona mahali pa afya hapajajazwa.”

Mama anamtazama mwanawe, kisha anatazama chini. “Hajambo. Ni mzima.”

Karani mwenye haraka atapiga mstari na kusema: “Wa pili!” Karani mwema atamwambia mwenzake ampeleke kijana kuchukua vazi, kisha atasema kwa sauti ya chini: “Mama, hapa hatuulizi ili kumfukuza mtoto. Twauliza ili tujue la kufanya.”

“Basi mwanangu, ana kifafa. Anameza dawa. Tangu mavuno ya kahawa hakijamwangusha. Lakini watu wakijua, watamcheka.”

“Atajua mwenye igizo na muuguzi tu. Hatapanda pale juu pa mawe. Atakuwa askari wa mlango wa Pilato, uwanjani, pamoja na wenzake wawili. Dawa ya leo amemeza?”

“Amemeza.”

“Vizuri mama. Ametoka na vazi lake, atarudi nalo.”

Mnaona? Mtoto hakunyimwa nafasi. Mama hakuaibishwa. Na ikiwa kifafa kitamwangusha, yupo ajuaye la kufanya: kuondoa vitu vya kumwumiza, kumgeuza ubavu, kutotia kitu chochote mdomoni mwake, wala kumkandamiza, na kutazama saa. Kisipokoma ndani ya dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Mambo hayo yote yalitokana na nafasi moja tupu kwenye karatasi, na mtu aliyeona kwamba ni tupu. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu, mwenye selimundu, na mama mjamzito atakayeigiza mmoja wa wanawake wa Yerusalemu.

SIRI ZA DAFTARI

Daftari lenye magonjwa ya watoto si gazeti. Lisiachwe wazi mezani, lisisomwe kwa sauti, lisipigwe picha na kurushwa kwenye makundi ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na msingi wake mmoja ni kwamba habari za mtu zilizokusanywa kwa kazi fulani zitumike kwa kazi hiyo. Basi namba za simu walizotoa wazazi kwa ajili ya Ijumaa Kuu zisigeuzwe orodha ya kudai michango ya harusi. Karatasi zikabidhiwe paroko, zifungiwe kabatini, na zikishapitwa na haja ziteketezwe.

Watu wengine huona daftari ni jambo geni, la ofisini. Sivyo. Kanisa limezoea daftari tangu zamani. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, chenye majina ya wanandoa na mashahidi, siku na mahali. Sababu yake ilikuwa ya kibinadamu kabisa: watu walikuwa wakifunga ndoa za siri, kisha wakazikana. Jina lililoandikwa mbele ya mashahidi lilimlinda mnyonge. Daftari la mlangoni nalo lina kazi hiyo hiyo.

KUHESABU WAKATI WA KURUDI

Sasa nafika kwenye kazi inayoachwa mara nyingi kuliko zote. Asubuhi watu huandikishwa kwa bidii. Njia ya Msalaba ikiisha, kila mmoja hushika njia yake, na meza imekwisha kuondolewa. Hilo ni kosa kubwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa mali, itakuwaje kwa watoto?

Vijana wetu hutoka vigango vya mbali. Wako wanaotembea saa mbili, wako wanaopakiwa watatu kwenye pikipiki moja, wako wanaodandia lori la mkaa. Kwa hiyo meza ikae mpaka mwisho. Kila anayerudisha vazi awekewe alama mbele ya jina lake, na saa iandikwe. Mtoto mdogo asiondoke na mtu asiyetajwa kwenye karatasi, hata akijiita mjomba. Ukiandika 64 asubuhi, usifunge daftari ukiwa na alama 63. Pengine huyo mmoja amelala nyuma ya sakristia kwa uchovu. Pengine amepanda kwa shangazi yake. Pengine yuko bondeni, mguu umeteguka, na sauti yake haifiki barabarani. Bila daftari, mama yake angelianza kumwulizia usiku, na kila mtu angesema: “Nilidhani yuko nanyi.”

Ninyi wazazi, mkiletewa karatasi, isomeni au msomewe, na mahali pa afya msipaache patupu. Mkiona hakuna mahali pa sahihi ya mpokeaji, iulizeni parokia kwa upole: “Na anayempokea mwanetu ni nani?” Mna haki ya kujua. Ninyi vijana, msimdharau anayewauliza jina mara ya pili. Huenda hakusikia, na jina lililokosewa ni mtu asiyetafutwa. Nanyi viongozi wa halmashauri ya walei, mnapogawa kazi za Juma Kuu, msimalize kikao kabla ya kutaja watu wawili wa meza, mmoja wa kushika saa, na mmoja wa huduma ya kwanza. Waandikeni kwa majina yao kamili, kisha wapeni kalamu zinazoandika.